Nyuzi 60 au 50? Joto sahihi la maji ya moto nyumbani

Kipupwe kikiingia Tabora, mwezi wa sita na wa saba, swali lile lile hurudi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vibarazani: hita ya maji iwekwe nyuzi ngapi? Fundi mmoja atakuambia 60, kwa sababu chini ya hapo maji yanazaa vijidudu. Mwenzake atakukataza kupita 50, mtoto asije akaungua. Ukifungua kijitabu kilichokuja na hita, unakuta kimeandikwa 120, na hapo mwenye nyumba hushtuka kabisa. Kigoma baridi si kali kama ya Tabora, lakini hita zinaongezeka na mkanganyiko ni huo huo.

Tuanze na ile 120. Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, kipimo cha Wamarekani, na ukizigeuza kuwa za Selsiasi unapata 49. Kwa hiyo hakuna anayekuambia upite kiwango cha kuchemka. Wamarekani wanashauri 49 ili watu wasiungue. Waingereza wanashauri maji yatunzwe kwa nyuzi 60 ili bakteria wasizaliane. Mafundi wetu wawili wanabishana kwa sababu mmoja amesoma kijitabu cha Waingereza na mwenzake cha Wamarekani, na vijitabu hivyo vinajibu maswali mawili tofauti. Joto la kutunzia maji ni jambo moja, na joto la maji yanayogusa ngozi ni jambo jingine. Ukitafuta namba moja ya kufanya kazi zote mbili, utakosea upande mmoja.

Kabla ya kuendelea, tuelewane maneno. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi. Mtungi ni lile pipa la hita linalohifadhi maji, mara nyingi lita 30, 50 au 80. Thamostati ni kifaa kidogo kinachokata umeme maji yakifika joto ulilochagua, kisha kuurudisha yakipoa. Valvu ya usalama hutoa maji nje msukumo ukizidi ndani ya mtungi. Valvu ya kuchanganya huchanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajafika kwenye shawa, ili yatoke na joto lile lile kila siku.

Ngozi inahesabu sekunde

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Nyumba, ni kweli. Ngozi inachomeka, na inachomeka mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1947, na hadi leo vipimo vyao ndivyo vinavyotegemewa. Kwa mtu mzima, maji ya nyuzi 50 huchukua kama dakika tano kuunguza ngozi hadi ndani. Kwa nyuzi 55 ni kama nusu dakika. Kwa nyuzi 60 ni sekunde tano hivi. Ukifika 70 hupati hata nafasi ya kuvuta mkono.

Angalia namba zinavyoshuka. Kutoka 50 hadi 60 ni nyuzi kumi tu, lakini muda wa kujiokoa umeporomoka kutoka dakika tano hadi sekunde tano. Mtoto mchanga ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo muda wake ni mfupi zaidi, na hawezi kuruka atoke kwenye beseni. Mzee anayejongea polepole naye yuko hivyo hivyo. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kukaa ndani ya maji yanayomuunguza asijue, hadi aone malengelenge.

Maji ya kuoga mtu mzima yanafaa kuwa kati ya 38 na 41. Ya mtoto mchanga, 37 hadi 38, yaani joto la mwili wake mwenyewe. Hakuna anayehitaji maji ya nyuzi 50 mwilini.

Basi kwa nini mtungi usiwekwe 40 tu?

Hapo ndipo hoja ya fundi wa kwanza inapopata nguvu. Kuna bakteria anayeitwa Legionela. Alitambuliwa mwaka 1977, baada ya mlipuko wa homa ya mapafu kwenye mkutano wa maveterani mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, ambapo maveterani 29 walikufa. Bakteria huyu huishi majini, na hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 20 na 45. Humpati kwa kunywa maji kawaida, wala haambukizwi kama mafua. Unamvuta mapafuni kupitia matone madogo sana, kama yale ya shawa. Wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio wanaoumia zaidi. Kwa nyuzi 50 anadumaa. Kwa nyuzi 60 wengi hufa ndani ya dakika chache.

Mtungi uliowekwa 40 ni kitalu chake. Na tuna tabia inayomsaidia bila kujua: ili kuokoa Luku, mtu anawasha hita dakika ishirini, anaoga maji ya uvuguvugu, anazima. Yaliyobaki yanalala humo usiku kucha yakiwa na nyuzi 35. Ni afadhali uiache hita iwake hadi taa yake izime yenyewe, ndipo uzime swichi. Mtungi wa lita 50 wenye elementi (koili ya ndani inayopasha maji) ya kilowati 1.5, ukianza na maji ya nyuzi 25, hufika 60 kwa saa moja na dakika ishirini hivi, na umekula uniti mbili tu za umeme.

Hata hivyo, tusitishane. Anayechemsha maji jikoni na kuyaoga pale pale hana haja ya kumwazia Legionela. Katika nyumba nyingi za Kigoma na Tabora hatari kubwa zaidi ni kuungua, na nyumba yenye watoto ianzie hapo.

Moto mtungini, vuguvugu kwenye shawa

Suluhisho kamili ni kuweka mtungi nyuzi 60, kisha kufunga valvu ya kuchanganya baada yake na kuipanga itoe maji yasiyozidi 43. Haipo kila duka, na huenda fundi bomba akalazimika kuiagiza. Mambo mawili huiharibia kazi. La kwanza ni msukumo usiolingana: maji ya moto yanatoka kwenye tangi la juu ya nyumba, ya baridi yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Yote mawili yatoke sehemu moja. La pili ni mchanga na kutu, kwa hiyo chujio dogo liwekwe kabla ya valvu na lisafishwe. Kila baada ya miezi sita ipime hivi: shawa ikiwa wazi, funga koki ya maji ya baridi. Valvu nzima hukata maji ya moto ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuyatoa, imekufa.

Kama huna valvu hiyo na nyumba ina watoto au wazee, weka mtungi 50. Mara moja kwa wiki upandishe hadi 60 kwa saa nzima, ukiwa umewaambia wote nyumbani, kisha uurudishe. Hilo linawezekana kama kitasa cha joto kiko nje. Kikiwa ndani ya kifuniko karibu na nyaya, usikifungue kila wiki. Mwachie fundi umeme, naye akate umeme kwenye meni swichi kwanza.

Usiziamini namba zilizoandikwa kwenye kitasa, hasa hita ikishazeeka. Nunua kipimajoto cha kupikia kinachofika nyuzi 100. Cha homa hakifai, kwani huishia 42. Hita ikishazima taa, fungua koki ya moto kwa dakika moja, jaza kikombe, pima. Ukizungusha kitasa kubadilisha joto, subiri saa mbili au tatu kabla ya kupima tena.

Wengi pia huamini kwamba kuzungusha kitasa hadi mwisho kunaharakisha maji kupata moto. Sivyo. Fikiria sufuria kwenye jiko la mkaa. Elementi ndiyo mkaa, na mkaa ni ule ule siku zote. Thamostati ni mtu aliyesimama kando kuamua sufuria iteremshwe lini. Ukimwambia achelewe, mkaa hauongezeki. Maji yanapitiliza tu.

Kigoma kuna jambo la ziada. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi ya magnesi na pH yake, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, hukaribia 9, kwa hiyo yakipata moto huacha utandu mweupe, ule ule unaouona ndani ya birika. Ukiganda kwenye elementi, joto linashindwa kutoka vizuri: hita inachelewa, inanguruma, mwisho elementi inaungua. Mtungi ufunguliwe na kusafishwa kila mwaka au miaka miwili, na fimbo ya magnesi iliyomo ndani, inayoliwa na kutu badala ya mtungi, ibadilishwe ikiwa imekwisha.

Mabomba nayo yana joto lao. PVC ya kawaida ni ya maji baridi. Karibu na nyuzi 60 inalegea na kujikunja. Maji ya moto yapite kwenye PPR, bomba la plastiki linalohimili moto, iliyoandikwa PN20.

Valvu inayodondosha maji si mbovu

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mtu anaona valvu ya usalama inadondosha maji kila hita ikiwaka, anaona uharibifu, anaiziba kwa plagi au anafunga koki mbele yake. Amegeuza mtungi kuwa bomu.

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 25 hadi 60 huongezeka kama mililita 700, zaidi ya chupa ya nusu lita. Mtungi umejaa, hauna pa kuyaweka, na valvu inayatoa. Kwa hiyo matone wakati wa kupasha ni ishara kwamba iko hai. Shaka iwepo pale inapomwaga maji hata hita ikiwa baridi: msukumo wa bomba umezidi, au uchafu umekwama kwenye mdomo wake.

Sasa tuseme umeiziba. Siku thamostati itakapokwama bila kukata umeme, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu msukumo unayabana. Mtungi ukipasuka, msukumo unatoweka ghafla na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi kama mara 1,600 ya maji uliotokana nayo. Ukuta wa tofali hauhimili hilo.

Kila mwezi inua kishikizo kidogo cha valvu hadi maji yatoke, kisha kiachie. Uwe kando, maana yanatoka ya moto. Bomba lake la kutolea maji lielekee chini hadi nje, mdomo uwe wazi mahali unapouona na ambapo mtoto hapiti. Kati ya valvu na mtungi pasiwepo koki yoyote.

Shawa ya umeme, na presha ya maji inaposhuka

Hita ndogo ya juu ya kichwa, inayopasha maji yakiwa yanapita, haina mtungi, na wengi huiona salama zaidi. Ina mtego wake. Umeme unaotumika ni ule ule, kwa hiyo maji yakipita machache, kila tone linapata moto zaidi. Chukua hita ya kilowati 3.5 na maji ya nyuzi 25. Zikipita lita tatu kwa dakika, yanatoka na nyuzi 42, raha tupu. Mtu jikoni akifungua koki na shawa ikabaki na lita mbili, yanafika 50. Kwa lita moja na nusu, 58. Hukugusa kitu, na maji yamekuwa ya kuunguza ukiwa na sabuni machoni.

Kwa hiyo mtoto asiachwe peke yake chini yake, na presha ikiwa inayumba tumia kiwango cha chini cha joto. Tangi la juu husaidia kutuliza presha, ingawa kila mita moja ya kimo hutoa sehemu moja ya kumi ya baa (kipimo cha msukumo) tu, na hita nyingine haziwaki kwa msukumo mdogo hivyo. Lazima iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, pamoja na kikata umeme kinachohisi umeme unaovuja.

Hita ya jua haijui kusimama. Jua la Tabora la Septemba na Oktoba linaweza kupandisha maji kwenye mirija ya kioo hadi 80 na zaidi, na hakuna thamostati ya kulizima. Kwenye hita ya jua, valvu ya kuchanganya si anasa.

Ndoo, sufuria na koili

Walio wengi bado tunachemsha maji na kuchanganya kwenye ndoo, nayo ina hesabu yake. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Tabora iko kama mita 1,200, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Kigoma, kando ya ziwa lililo kama mita 770, ni 97 hivi. Wapo wanaodhani kwa sababu hiyo maji ya kunywa yachemshwe nusu saa. Hapana. Vijidudu vya magonjwa hufa haraka joto likishapita 70. Maji yakitokota kweli kwa dakika moja yanatosha, na ni juu ya mita 2,000 ndipo watu huongeza hadi dakika tatu. Kuni za nusu saa ni hasara.

Kwa kuoga, kopo moja la maji yaliyotoka kuchemka kwa makopo manne ya baridi ya nyuzi 25 hutoa nyuzi 39. Kwa mtoto mchanga, moja kwa matano hutoa karibu 37. Asubuhi ya Julai Tabora, maji ya tangi yakiwa na nyuzi 20, lile moja kwa manne hutoa 35 tu, basi punguza ya baridi hadi matatu. Tia ya baridi kwanza siku zote, kisha ya moto. Beseni lenye maji ya moto matupu, hata kwa dakika moja unapofuata ya baridi, ndilo mtoto anapotumbukia. Kwenye bomba pia, fungua baridi kwanza na funga moto kwanza.

Koroga kabla ya kupima. Maji ya moto huelea juu ya baridi, na kidole kinachogusa chini kinadanganywa. Pima kwa kiwiko. Kiganja cha mtu anayeteremsha sufuria kila siku kimezoea joto na hakisemi kweli.

Koili ya kutumbukiza itumike kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya chuma, na izame hadi alama yake. Chomoa kwenye soketi kwanza, ndipo utie mkono. Usipime maji kwa kidole ikiwa bado imechomekwa, hata kama umefanya hivyo mara mia.

Kuna pia kukandwa. Mama aliyejifungua hukandwa na bibi au shangazi kwa taulo lililotoka kwenye maji ya moto sana, akiambiwa avumilie ili damu chafu itoke. Mapenzi na uangalizi uliomo ndani ya desturi hii ni wa kuheshimiwa. Moto mkali ndio usiohitajika. Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe kwa homoni ya oksitosini, ambayo huongezeka mtoto anaponyonya. Taulo lililoloa hushikilia joto na kuligandamiza kwenye ngozi, kwa hiyo maji yasizidi 40, na anayekanda apime kwenye mkono wa mzazi mwenyewe. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni, na aliyeshonwa asikalishwe juu ya maji ya moto.

Mtu akiungua

Maji yakishamwagika, joto linabaki ndani ya ngozi na kuendelea kuipika. Kazi ya kwanza ni kulitoa, na kinachoweza ni maji ya kawaida ya baridi, yakitiririka kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, ndoo mbili za lita 20 zinatosha: mimina nusu lita kila sekunde 15 juu ya palipoungua, huku mwili mwingine umefunikwa asipate baridi. Barafu hapana. Vua nguo zilizolowa, pete, bangili na shanga za mtoto kabla hajavimba. Kilichogandia kwenye ngozi kiache.

Dawa ya meno, yai bichi, unga, mafuta ya mawese: vyote hufunika joto lisitoke na kumwachia daktari kazi ya kuvikwangua. Asali ya Tabora ina sifa yake, na ipo asali iliyosafishwa maalumu inayotumika hospitalini kwenye vidonda. Lakini kwenye ngozi iliyoungua sasa hivi, asali haipozi. Malengelenge usiyapasue. Ukishamaliza dakika 20, funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya au mfuko safi wa nailoni, bila kukaza.

Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kama ni mtoto mchanga hata kwa kidogo, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Maweni kwa walio Kigoma mjini na ya Kitete kwa walio Tabora. Kama mlitoka mbio bila kupoza, maji bado yanasaidia hadi saa tatu tangu kuungua. Omba ndoo na kopo mara mnapofika.